Siku Niliyoomba Mlango

Mwanangu, katika siku zote za usichana wangu, moja ninaikumbuka kana kwamba ni jana. Na kwa kuwa wiki ijayo unaanza sekondari, sogea karibu nikusimulie.

Tulikuwa tunakaa karibu na Mutshatsha, mimi na bibi yangu, kaku, kama tunavyosema sisi wenye asili ya Kasai. Mjomba wako alikuwa amebaki Kapata, kule Kolwezi, na wazazi wetu. Shule yetu ilikuwa na walimu wazuri, lakini choo chake kilikuwa na gunia tu mahali pa mlango. Upepo ukivuma, gunia linapanda, na wavulana wanaokwenda uwanjani wanakuona. Kwa hiyo siku zangu za mwezi zilipofika, nilibaki nyumbani. Na si mimi peke yangu. Darasa zima la wasichana tulikuwa tunapotea kwa zamu, na watu walisema sisi ni wavivu.

Asubuhi moja kaku alinikuta nimejikunja nyuma ya jiko, sare yangu imekunjwa pembeni. Nikamwambia tumbo linaniuma, naumwa.

"Uliiba kitu?" akaniuliza.

"Hapana, kaku."

"Ulipiga mutu?"

"Hapana."

"Basi juu ya nini unajificha?"

Nikalia, nikamweleza habari ya gunia. Kaku hakunibembeleza. Alinikazia macho, akasema, "Kapinga, mwili yako haikosi kitu. Shule njo inakosa mulango. Usiseme tena uko mugonjwa. Sema bile biko, sema kweli."

Maneno hayo yalinikaa kifuani.

Muda si mrefu tukasikia wageni wanakuja. Kulikuwa na kina mama wa Kolwezi wanaoishi Ubelgiji, ambao walikuwa wameunda chama cha kusaidia wasichana wa shule za vijijini wasikose masomo kwa sababu ya hedhi. Prefe, mkuu wetu wa shule, alifurahi mno. Alitufundisha wimbo. Halafu akanichagua mimi niseme neno la shukrani, kwa kuwa Kifaransa changu kilikuwa safi. Akatuonya kwamba atakayeiaibisha shule mbele ya wageni atarudi kwao.

Siku ikafika. Mkuu wa wageni aliitwa Mama Georgette, mtoto wa Kapata, mwenye miwani mikubwa na kitenge kilichonyooshwa vizuri. Makatoni ya pedi yalipangwa mbele yetu. Tukaimba. Nikaitwa. Nikasema Kifaransa changu chote, watu wakapiga makofi, na prefe akanionyesha kwa mkono nirudi kukaa.

Sikukaa. Niliogopa, mwanangu, usidhani nilikuwa shujaa. Nikaacha Kifaransa, nikasema kama tunavyosema nyumbani:

"Bamama, aksanti sana kwa bitu mulituletea. Lakini tutabadilishia wapi? Choo yetu haina mulango. Mayi iko mbali, kule ku muto. Hata na hizi pedi, tutabakia tu ku nyumba."

Wavulana wawili walianza kucheka, wakaacha.

"Kapinga!" prefe akapaza sauti. "Kaa chini! Unatupatisha haya!"

Mama Georgette akainuka. Niliona uso wake umebadilika. Alikuwa amesafiri mbali sana na makatoni yale, na labda neno langu lilimchoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mutoto, ni vizuri," akasema. "Nionyeshe ile choo."

Tukaenda kupitia majani marefu, yeye na viatu vyake vya kisigino, prefe nyuma yetu akijifuta jasho. Alipofika akalishika lile gunia, likachanika mkononi mwake. Akageuka taratibu.

"Tata prefe, uko na batoto banamuke?"

"Ndiyo, mama. Batatu."

"Basi hawa nabo ni ba kwako."

Prefe akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Nilikuwa napita hapa kila siku." Hakunifukuza. Kinyume chake, Jumamosi iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja suruali na kukanyaga udongo wa matofali. Baba zetu wachoma makaa walileta kuni za kuyachomea. Kina mama wa Ubelgiji walituma saruji, mabati, pampu ya kisima, na vyerehani ili mama zetu washone pedi za kitambaa zinazofuliwa. Mlango ukapakwa rangi ya bluu, na ulikuwa na komeo kwa ndani. Siku ya kwanza tulipanga mstari, si kwa haja, ila kufunga lile komeo na kulifungua, tukicheka mpaka mwalimu akaja kutufukuza.

Kisha ukaja mtihani wa serikali, uliofanyika pale pale shuleni kwetu. Siku ya hesabu, katikati ya maswali, damu ikanijia. Zamani ningeikimbia ile karatasi. Nikaomba ruhusa, nikaenda, nikafunga mlango, nikabadilisha, nikanawa, nikarudi kumalizia swali langu. Hakuna aliyejua.

Matokeo yakasomwa redioni. Niliposikia jina langu, kaku alikuwa tayari ameshika kopo la poda, akanimwagia lote kichwani kama desturi yetu, akakimbia barabarani kupiga vigelegele, mzee yule! Prefe naye akaja, amejaa poda mpaka kwenye ndevu. Wasichana wote wa darasa walikuwa wamefaulu, isipokuwa Mbombo, naye alirudia, akafaulu mwaka uliofuata.

Basi mwanangu, damu yako isikutoe darasani. Usijifanye mgonjwa ukiwa mzima. Ukipewa kitu, shukuru, na kama kuna kinachopungua, kiseme kwa heshima, hata sauti ikitetemeka. Na kaka yako huyo anayejifanya hasikii, naye akimwona msichana amechafuka, asicheke, ampe koti lake. Mkikua mkawa na uwezo, huko Ulaya au hapa Kolwezi, msitume kitu kabla ya kuuliza mtoto anahitaji nini.

Mungu akufungulie akili, aulinde mwili wako, na redio ikitaja jina lako, unikute bado hai nikumwagie poda. Nenda kwa amani, mama yangu.