Nyuzi za Mkono wa Kushoto

Nilitoka Kitale kukiwa bado na ukungu, nikafika Nairobi jioni, na asubuhi yake nikapanda treni ya Mombasa. Njia nzima kikapu kilikuwa mapajani mwangu. Kusema kweli hakikuwa kikapu bado. Kilikuwa kitako na ubavu wa shubiri moja, na nyuzi za katani zikining'inia juu yake. Mama alikianza, akaugua, akafariki kabla ya kukimaliza. Alikuwa Mtaita aliyeolewa mbali, na tangu nipate akili sikumwona akirudi kwao hata mara moja.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nasuka mapambo ya ukutani kwa nyuzi zozote ninazopata, na kila mji niliokaa nilikitoa kile kikapu sandukuni, nikakitazama, nikakirudisha. Nilitaka mtu wa kwao mama akimalize, nami nikitundike ukutani mahali nitakapoamua kukaa. Nilishuka Voi na wazo hilo peke yake.

Nilipanga chumba mjini. Vitu vya kufanyia kazi havikuwa shida. Sokoni nilichagua sweta kuukuu za mitumba, nikazifumua nipate sufu ya rangi. Magunia yaliyochanika nilichomoa nyuzi zake moja moja. Mwuza sweta ndiye aliyeniambia kwamba katani nzuri na watu wake wako upande wa Ndara, kwa mama mmoja anayesuka na wenzake barazani.

Nilimkuta mama huyo ameketi chini, miguu ameinyoosha, wanawake wanne wamemzunguka. Nilijieleza. Alikipokea kikapu, akakigeuza, akalamba kidole na kupapasa uzi mmoja.

"Mama yako alikuwa anatumia mkono wa kushoto," akasema.

Ilikuwa kweli. Alikula kwa mkono huo, alitupiga kwa mkono huo.

Akanionyesha. Wao husokota katani kwenye paja la kulia, kwa kiganja cha kulia. Mtu wa mkono wa kushoto husokota kwenye paja lake la kushoto, na msokoto hugeuka upande wa pili. Uzi wa namna moja ukiusuka mahali pa namna nyingine, hufunguka kadiri unavyosuka.

"Hapa hatuna wa kushoto," akasema. "Aliyekuwepo ndiye huyo aliyekuzaa."

Sikumwamini. Nilinunua nyuzi zao, nikarudi chumbani, nikasuka mizunguko mitatu juu ya kazi ya mama. Baada ya siku mbili ilikuwa imelegea kama soksi ya mzee. Nikaanza kuifumua kwa hasira, na sikujua nimefika wapi mpaka nilipoona uzi mkononi umebadilika rangi, umekuwa wa kahawia ya zamani. Nilikuwa nimeufumua mzunguko wa mama. Niliukunja ule uzi uliojikunyata, nikaufunga kwenye leso. Sijawahi kumlilia mama kama siku ile, hata kwenye mazishi.

Nilirudi Ndara nikamwambia yule mama ukweli.

"Basi utausokota wewe, paja la kushoto," akasema. "Kunja suruali."

Wanawake wakaangua kicheko.

"Huyu mpwa wetu ana manyoya kama mbuzi!" mmoja akasema. "Atatusokotea katani au nywele?"

"Akanyoe kwanza. Kikapu cha dada yetu kisije kikaota ndevu."

"Na mkewe akimwuliza paja limenyolewa na nani?"

"Sina mke, mama mdogo," nikasema.

"Ndiyo maana una nafasi ya kunyoa!"

Nilinyoa. Uzi wangu wa kwanza uling'oa hata vinyweleo vilivyobaki, nao wakacheka mpaka mmoja akaomba maji. Kwa miezi mingi nilikwenda pale karibu kila siku, mkono wa kushoto ukiwa mzito kama wa mtu aliyelalia mkono wake. Walinionyesha gome la kuchemsha ili katani iwe kahawia, na udongo wa kuifukia iwe nyeusi. Walinifundisha maneno ya Kidawida, lugha yao, nikayarudia vibaya. Nilianza kutambua vicheko vyao nikiwa bado njiani. Nadhani huko ndiko nilikokaribia kukaa.

Siku nilipofunga ukingo, yule mama alikipapasa kikapu kuanzia chini. Kidole chake kilisimama pale kazi ya mama ilipoishia.

"Hapa anaanza mtu mwingine," akasema. "Wewe unabana. Yeye alikuwa anaachia. Lakini hakifunguki."

Nilimweleza kwamba nitakitundika ukutani. Alinitazama kana kwamba nimesema nitamtundika mama mwenyewe.

"Ukutani kitabeba nini?"

Nilikuwa nimetaka kikamilike ili nami nitulie, na sasa kilikuwa kimekamilika, na miguu ilikuwa inaniwasha vilevile kutaka safari. Sikuwa na ukuta wowote.

Wiki iliyofuata nilifunga mizigo. Nilipita Ndara kuaga, kikapu mkononi, nikampa. Nilisema mama hakupata kurudi, basi hiki kibaki. Hakushukuru wala hakukisifu. Aliingia ndani, akatoka na kunde za kuchagua, akazimwaga zote mle. Kikapu kikatanuka kidogo, mshono ukashika.

"Zimeenea," akawaambia wenzake.

Kisha akaketi, akakivuta kati ya miguu, akaanza kutoa mawe na kunde zilizotobolewa. Wenzake wakasogea, mikono ikaingia. Nilibaki nimesimama nikiona mkono wa kila mmoja ukiingia na kutoka, nikingoja sijui nini.

"Nenda, mwanangu," akasema bila kuinua macho. "Treni haimngoji mtu."