Maji ya moto yaliyokauka

Kijiji chetu hakina kitu cha kuonyesha mgeni, isipokuwa yale maji ya moto yaliyokuwa yanatoka chini ya ardhi, tunayaita amashyuza. Watu walitoka mbali kuja kuloweka miguu. Kila mama alikuwa na jiwe lake la kukalia. Wengi wameshakufa, lakini majina yao ninayo yote, na nikipita pale ninayataja kimoyomoyo.

Mdogo wangu anakaa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Kila kiangazi alivuka daraja la Rusizi kuja kuloweka magoti yake, akalala kwangu wiki nzima. Ndipo tulipoonana, hapo tu.

Mwaka huu maji yakakauka ghafla, sikupata hata namna ya kumtumia habari. Alipofika tukakuta shimo la matope yaliyopasuka, na vijana wawili wanajipiga picha.

“Yaya,” ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, “ni bazimu benu balikunywa maji?”

Tukacheka, kuwaza mizimu ya kwetu ikinywa maji ya moto. Kisha akaketi kwenye jiwe lake.

“Sasa nitakuwa nakuja kufanya nini huku?”

“Utakuja kuniona mimi.”

“Na haya magoti, nani atayabeba mpaka hapa?”

Nyumbani nilichemsha maji katika sufuria kubwa, nikatia chumvi, nikamwekea miguu ndani. Alisema ni mazuri. Yalipopoa, akauliza mpaka unafungwa saa ngapi. Mkoba wake ulikuwa bado mlangoni, hajaufungua.