Damu ya Yule Mwingine

Kakuma nzima, ukitaka mtu wa damu ulimwita Lopeyok. Ng'ombe akishafungwa kamba shingoni, yeye alipiga mshale mmoja tu, mfupi, kibuyu kikajaa damu na ng'ombe akarudi malishoni. Kabla watu hawajanywa, alilitaja jina la ng'ombe huyo. Hakuna aliyeuliza damu ya ng'ombe yupi inamfaa nani. Tumbo ni tumbo, bwana!

Lakini siku ile ya mwaka wa sabini na nne, hospitalini Lodwar, ujuzi wake wote haukumfaa kitu. Mkewe Nakeno alikuwa amejifungua salama, kisha damu ikamtoka bila kukoma, na sasa alilala hana nguvu hata ya kumshika mtoto. Lopeyok alinyoosha mkono atolewe damu yake. Nesi Keziah akamtoboa kidole, akaenda kupima, akarudi akitikisa kichwa.

"Mzee, yako ni A. Ya mama ni O. Nikimwekea yako, itamuua."

Itamuua! Lopeyok aliogopa. Begani alikuwa na chale za mtu aliyeua adui, Mpokot, katika vita vya mifugo. Je, damu yake iliharibika siku ile? Akavuta shuka aliyojitanda akazifunika.

Akapimwa Ewoi, kaka yake Nakeno, baba mmoja mama mmoja. Naye akakataliwa, eti yake ni B. Hapo Lopeyok akachanganyikiwa kabisa. Ikiwa ndugu wa tumbo moja hafai, atafaa nani?

Keziah akatoka mbio, akarudi na askari polisi aliyewahi kutoa damu hapo.

"Huyu ni O," alisema. "Anaitwa Pkemei."

Jina la Kipokot. Lopeyok alifungua mdomo akatae, akamtazama Nakeno, akaufunga.

Pkemei alilala, akakunja mkono wa shati. Chupa ilijaa polepole. Shuka ya Lopeyok ilikuwa imeteleza, na macho ya askari yakatua kwenye zile chale. Alijua maana yake.

"Mtoto ni mzima?" akauliza.

"Mzima," Lopeyok akajibu kwa shida.

Pkemei hakuuondoa mkono wake.

Jioni Nakeno alifumbua macho.

"Mmenipa damu ya nani?"

Lopeyok alitafuta jinsi ya kulitaja lile jina, akashindwa.

"Ya ndugu yako."

"Ewoi?"

"Hapana," alisema. "Yule mwingine."