Kitanda cha Pili

Kila mtandao ulipokatika Tunduma, wa kwanza kujua alikuwa mama mmoja mwenye ofisi ya kugomboa mizigo karibu na mpaka. Hati zake zilipita kwenye kompyuta. Zisipopita, lori halivuki, na wateja wake wengi walisafirisha nyanya. Nyanya haina subira. Mimi nilikuwa fundi wa mkongo, zile nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga, hivyo lawama zilinifikia moja kwa moja.

Asubuhi moja katapila la barabara lilikata kebo upande wa Vwawa. Nilipopita ofisini kwake kumpa taarifa, alikuwa mlangoni na dereva wa lori.

"Fundi, si mlisema mna kebo ya akiba?"

"Ipo, mama. Nayo imekatwa."

"Zote mbili?"

Nikamweleza kuwa kazi nzito ni kuchimba, kwa hiyo zililazwa pamoja kwenye mtaro mmoja.

"Akiba gani inayolala kitanda kimoja na mgonjwa?"

Dereva akacheka, kisha akakumbuka nyanya zilizokuwa kwenye lori lake, akaenda kuzikagua. Mtandao uliporudi, matenga ya chini yalikuwa yanachuruzika maji.

Tangu hapo kikosini kwetu hakuna aliyesema "akiba" tena, tulisema "kitanda cha pili." Na kitanda hicho hatimaye kilipatikana: kebo mpya ikafuata barabara ya Sumbawanga, ikazunguka mbali kabisa, ikaja kukutana na ya kwanza huko mbele. Mama alitaka kujua mzunguko wote huo ni wa nini. Nikamwonyesha bangili mkononi mwake.

"Tuseme tumeikata hapa. Sisimizi aliyeko huku bado atafika kule, atazungukia upande wa pili."

"Nimeelewa. Bangili yangu usiiguse."

Masika yaliyofuata, katapila likakata palepale. Nikampigia simu.

"Mama, mtandao vipi?"

"Upo. Kwani kuna nini?"

"Vwawa wamekata tena."

Nikasikia mhuri ukigongwa, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Basi nenda ukamtibu mgonjwa wako, fundi," akasema. "Mimi nina nyanya getini."