Mlango wa Maziwa

Kutoka Mpanda nilipanda treni, kisha mabasi mawili. Siku ya nne nikashuka Moshi, mlima ukiwa umejificha wote. Nikaendelea kupanda hadi Marangu, nikapanga chumba katikati ya migomba, mahali ambapo asubuhi ukungu hupita mlangoni kama mtu anayetafuta kitu.

Jioni ya kwanza nilikwenda kununua maziwa kwa jirani, mama mjane. Nikabisha mlango wa mbele. Nikaketishwa kwenye kochi, nikanyweshwa mtori, supu nzito ya ndizi, nikaombewa, nikarudi na chupa tupu.

"Wa mbele ni mgeni," alicheka kesho yake. "Wa maziwa anapita bandani kwa ng'ombe."

Aliposikia kuwa mimi ni fundi wa kompyuta, akanipa kazi. Alikuwa ameteleza shambani akavunjika mkono, na binti yake, muuguzi ughaibuni, alikuwa ametuma kamera ili amwone kila asubuhi. Ikishindikana, binti alisema, mama atahamia kwake.

"Theluji naiona hapahapa, inanitosha," mama aliniambia. "Fundi, nisaidie."

Ndani ya nyumba picha ya kamera ilionekana vizuri kwenye simu. Lakini binti alipoandika anwani yetu ya intaneti kule aliko, alifunguliwa ukurasa wa ruta, kile kisanduku kinachoingiza intaneti nyumbani. Siku tatu nilihangaika, hadi nikaikumbuka chupa yangu tupu. Anwani ni boma zima. Namba ya poti ndiyo inayosema umefuata nini. Ruta na kamera zote zilingoja kwenye poti 80, na ruta, iliyo mbele, ndiyo iliyopokea kila mgeni. Nikaipa kamera 8081, nikaiagiza ruta impeleke kwake kila ajaye na namba hiyo. Binti akaiongeza mwishoni mwa anwani.

"Mama, mbona umevaa sweta yangu?" simu ikasema.

Mama akaisogelea kamera, akajigeuza ili binti aione sweta vizuri.

Siku ile nilifungua pia 8082, yangu ya siri, kwenye kamera ileile. Mimi ni mtu wa kuondoka; nilitaka pa kuchungulia. Asubuhi ya kuondoka siri hiyo ilinilemea, nikamwambia mama.

"Unichungulie kama mwizi wa ndizi?"

"Ningeangalia migomba, mama."

"Ifunge. Ukinikumbuka, njoo."

Niliifuta mbele yake. Akaniambia nipitie bandani nichukue maziwa ya njiani. Nilishuka katika ukungu, chupa ikinipasha kifua. Sijarudi.