Nilivyopimwa akili Kitengela, ndani ya darasa ambalo halipo

Wakuu, hamjambo. Kaeni niwaeleze polepole jambo lililonipata miaka ya elfu mbili na kitu. Sitaongeza chumvi.

Nilikuwa nafundisha darasa la nne shule moja ya msingi upande wa Kajiado, familia ikiwa Kitengela. Jioni moja nikaanguka na baiskeli, kichwa kikagonga jiwe.

Kidonda kilipona. Lakini niliporudi kazini, naanza sentensi ubaoni na katikati inapotea, kama mbuzi aliyeingia nyasi ndefu. Unasikia kengele yake tu.

Watoto wananingoja. Mimi nawaangalia.

Mwalimu mkuu ni mtu mwema, lakini alisema wazi: nikapimwe, na nikishindwa nitahamishiwa stoo ya vitabu. Wakuu, kazi nyingine siijui.

Sasa hapo Kitengela kulikuwa na kliniki ndogo, na daktari mmoja, mama mpole wa Kakamega, alikuwa ametoka kusoma ng'ambo, akarudi na mashine ya kupima akili, bado ya majaribio. Unavaa kitu kizito machoni, kama miwani ya fundi wa kuchomea vyuma, waya zinashuka hadi kwa kompyuta.

Ukivaa tu, Kitengela inaisha.

Nilijikuta nimeketi kwa dawati, katikati ya watoto wengine. Mbele kuna ubao na mwalimu wa kike. Nikageuza kichwa, na kumbe kuna dirisha, nje miti ya kijani ambayo sijawahi kuona. Hakuna vumbi. Mwanga umetulia kama maji ndani ya beseni. Tangu nianguke sikuwa nimesikia amani kama ile.

Kazi yenyewe ni rahisi. Herufi zinapita ubaoni. Ukiona A halafu X, unabonyeza kitufe. Wakati huo huo mashine inakuletea vurugu: gari linapita nje, mlango unagongwa, mtoto anaangusha penseli. Inahesabu umekosa mara ngapi, na kichwa chako kilikuwa kimegeukia wapi. Mtihani wa karatasi unakupima kwa chumba kimya. Darasa la kweli halina kimya.

Mtihani huo nilianguka vibaya sana.

Daktari alinionyesha kwa kompyuta: karibu muda wote nilikuwa nimegeuka nyuma. Akauliza nilikuwa natafuta nini huko.

"Kuna msichana dawati la mwisho," nikamwambia. "Hajaandika kitu tangu tuanze."

"Mwalimu, hao ni picha."

"Najua. Lakini nani anawaangalia?"

Alicheka mpaka akapanguza macho. Kisha akanivalisha tena ile miwani. "Leo darasa ni la huyo mama wa mbele. Wewe ni mwanafunzi. Ukigeuka nyuma tena, nakuchapa."

Mara ya pili, mwanzoni sikukosa hata moja. Halafu, taratibu, ile miti ikaanza kunivuta. Herufi zikawa zinapita kama mawingu juu ya nyanda za Kaputiei, nazitazama tu, kidole kimelala.

Ndipo daktari akanieleza vizuri. Akili yangu iko, ila inachoka mapema. Ni jerikeni yenye tundu dogo: huwezi kuibeba safari ndefu, lakini safari fupi maji yanafika. Akaandika ripoti kwamba nifundishe vipindi vifupi, nipumzike katikati.

Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Akaniachia hesabu za asubuhi tu, stoo ikasahaulika.

Siku ya kwanza niliwaambia watoto ukweli wote. Tukaanza kuzidisha. Kabla kipindi hakijaisha, sentensi ikapotea. Nikaangalia dirishani: vumbi, mbuzi, jua.

Dawati la mwisho hukaa Naserian, ambaye miezi yote hiyo nilikuwa namgombeza kwa kutoandika. Akasema, bila hata kuinua kichwa:

"Mwalimu, tulikuwa kwa sita mara saba."

Nikaendelea kutoka hapo.

Nilichojifunza, wakuu: mtu akikosa, usikimbilie kumwita mjinga. Uliza kwanza kichwa chake kimegeukia wapi, na kwa nini. Na ukipimwa, mwambie anayekupima ulichokiona, hata kama unaona aibu.

Kama umepitia kitu kama hiki, ama uko na mtoto anayesemwa hasikii darasani, andika hapa chini. Nasoma kidogo, napumzika, nasoma tena. Kila mtu nitamjibu.