Gati Ndani ya Kihenge

Mwaka 1982 Verdiana wa Nyansurura alisikia Landrova ya serikali, akaacha kutwanga kwa hofu. Gari la namna hiyo ndilo lililoleta waliochoma nyumba yake enzi za kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Nani amlaumu? Akambeba Gati, mtoto asiyeweza kutembea aliyeachwa na marehemu dada yake, akamficha ndani ya kihenge cha mtama.

Bwana ustawi wa jamii akashuka garini. “Mama, kuna sheria mpya. Tunatafuta wanaotunza walemavu, tuwape mafunzo na msaada.”

Msaada! Hata wale wachomaji walisema hivyo. Akajibu, “Hapa hakuna kilema. Nendeni!”

Lakini Gati alikuwa amefundishwa adabu na Verdiana mwenyewe: mgeni husalimiwa.

“Shikamoo, baba!” kihenge kikaita.

Verdiana akasimama mbele ya kihenge, ameshika mchi kwa mikono miwili.